Mwamuzi mpya wa kikapu Mpanda: mechi chache, macho mengi

Ugeni wa mwamuzi wa mpira wa kikapu hupimwa kwa idadi ya mechi alizochezesha, wala si kwa miaka iliyopita tangu akabidhiwe kipyenga, na kwa kipimo hicho mtu anayeanza kazi hiyo mjini Mpanda hubaki mgeni kwa muda mrefu kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, hata kama wote wawili walisoma kitabu kimoja cha kanuni, wakakaa kozi moja na kufaulu mtihani mmoja. Kanuni zenyewe zinasomeka, na mtu mwenye bidii anaweza kuzimaliza kwa jioni chache na kuzieleza bila kukosea. Kinachomshinda ni kuziona zikivunjwa, ndani ya muda usiofika sekunde moja, katikati ya vijana 10 wanaokimbia, kisha kupuliza, kunyoosha mkono na kutaja kosa kabla hajaanza kujiuliza kama kweli ameliona. Na uwezo huo hauji kwa kusoma, bali kwa kurudia jambo lile lile mara mia kadhaa mpaka jicho lizoee.

Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na tangu hapo umekuwa miongoni mwa mikoa ambayo idadi ya watu wake imeongezeka kwa kasi kubwa zaidi nchini: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana wa umri wa shule, yaani ndio hasa wanaoweza kucheza kikapu. Lakini uwanja wa kikapu hauoti kama unavyoota wa soka. Soka hutosheka na eneo lililofyekwa na miti miwili ya goli, na ndiyo maana mtaa wowote wa Mpanda, kuanzia Makanyagio hadi Nsemulwa, hauwezi kukosa pa kuchezea. Kikapu hudai sakafu ngumu ya zege au lami yenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, nguzo mbili zisizoyumba, ubao, na pete iliyofungwa mita 3.05 kutoka chini. Penye udongo mpira haudundi, na pasipodundika mpira hakuna mchezo wa kuamua.

Uchache huo wa viwanja ndio mzizi wa matatizo mengine yote yanayomkabili mwamuzi mpya, ingawa katika mazungumzo ya kawaida lawama huelekezwa kwenye mambo mengine kama vile posho ndogo, vifaa, au matusi ya mashabiki. Mwamuzi wa Dar es Salaam aliyejitokeza vizuri huingia katika mzunguko wa ligi ya mkoa huo, inayojulikana kwa kifupi kama BDL, na hata akipangiwa tu kukaa kwenye meza ya waandishi na watunza muda anarudi nyumbani akiwa ameona wenzake wenye uzoefu wakifanya kazi. Mwenzake wa Mpanda hutegemea zaidi kalenda ya shule. Kilele cha kalenda hiyo ni UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ambayo huanzia shuleni, yakapanda hadi wilaya na mkoa, na hatimaye timu teule ya mkoa ikaenda kwenye fainali za taifa. Mwaka 2022 fainali hizo zilifanyika Tabora, jambo lililowapunguzia safari majirani wa Katavi, ilhali mwaka mmoja kabla yake zilikuwa Mtwara, upande wa pili kabisa wa nchi. Michezo hiyo hurundikana katika majuma machache katikati ya mwaka. Mtu anaweza kuchezesha mechi nyingi kwa siku chache mfululizo akiwa amechoka, bila nafasi ya kukaa na mtu wa kumweleza alipokosea, kisha akakaa miezi bila kupuliza kipyenga.

Ni kweli kwamba mafunzo yapo. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF, ndicho chombo kinachosimamia mchezo huo nchini chini ya Baraza la Michezo la Taifa, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na waamuzi hutambuliwa kupitia ngazi za vyama hadi taifa. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichoko wilayani Kwimba mkoani Mwanza, hufundisha walimu na wasimamizi wa michezo ambao baadaye hutawanyika mikoani. Hata hivyo kozi humpa mtu msamiati na utaratibu, haimpi mechi. Anayetoka kozini na kurudi mahali ambapo mechi inayofuata iko mbali hufanana na aliyepewa leseni ya udereva akarudi kijiji kisicho na gari.

Ili kuona kwa nini mechi ni muhimu kiasi hicho, inafaa kutazama kwa karibu kile ambacho jicho la mwamuzi linatakiwa kufanya. Mtazamaji wa kawaida hufuata mpira, na mwamuzi mpya, kwa kuwa alikuwa mtazamaji au mchezaji kabla ya kuwa mwamuzi, huufuata pia. Hilo ndilo kosa la kwanza na la kudumu kuliko yote. Katika mbinu ya waamuzi wawili, ambayo ndiyo inayotumika katika mechi nyingi za shule na za mitaa kwa kuwa waamuzi watatu ni anasa, mmoja hutangulia na kusimama nyuma ya mstari wa mwisho, chini ya goli linaloshambuliwa, naye huitwa mwamuzi wa mbele. Mwingine hubaki nyuma ya mashambulizi, karibu na mstari wa pembeni wa upande wa pili, naye huitwa mwamuzi wa nyuma. Lengo ni kuwaweka wachezaji wote 10 katikati ya macho mawili yanayotazamana kwa mshazari. Mpira ukiwa katika eneo la mwamuzi wa nyuma, mwamuzi wa mbele haruhusiwi kuushangaa. Kazi yake wakati huo ni kutazama watu wasio na mpira, hasa wale wakubwa wanaosukumana mbele ya goli kutafuta nafasi ya ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa pete. Mchezaji anaporusha, mwamuzi wa nyuma huusindikiza mpira angani kuangalia kama kuna aliyeugusa kinyume cha sheria ulipokuwa ukishuka kuelekea kwenye pete, na mwamuzi wa mbele hubaki chini na miili.

Mgawanyo huo si uvumbuzi wa juzi. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada aliyebuni mchezo huu mjini Springfield nchini Marekani mwezi Desemba 1891, aliandika kanuni 13 tu, na bado ndani ya uchache huo aliona ulazima wa kuweka watu wawili: mmoja awe mwamuzi wa wachezaji, akihesabu faulo, na mwingine awe mwamuzi wa mpira, akiamua ni wa nani, umetoka wapi na muda umekwisha lini. Naismith alikuwa akishughulika na darasa la vijana wa mazoezi ndani ya ukumbi, lakini alikwisha kung'amua kwamba jozi moja ya macho haitoshi. Ndiyo maana mechi inayochezeshwa na mtu mmoja kwa kukosekana wa pili, kama inavyotokea mara kwa mara katika bonanza za mitaani, humharibu mwamuzi mpya zaidi kuliko inavyomfunza, kwani humlazimisha kufuata mpira muda wote na kumzoesha tabia ambayo baadaye itachukua msimu mzima kuiondoa.

Tukio linalowatenganisha zaidi waamuzi wapya na wazoefu ni mgongano kati ya mshambuliaji anayeingia golini na mlinzi aliyesimama njiani. Wote wawili huanguka, upande mmoja wa mashabiki unapiga kelele kwamba mlinzi amezuia isivyo halali, upande mwingine unadai mshambuliaji amemgonga mlinzi, na mwamuzi hana njia ya katikati: lazima faulo iandikwe kwa mmoja wao, au aache mchezo uendelee na kubeba lawama za pande zote mbili. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, lililoundwa Geneva mwaka 1932, zinatoa majibu yaliyo wazi kabisa kwenye karatasi. Kila mchezaji ana haki ya nafasi anayoikalia, nafasi inayofikiriwa kama pipa lisiloonekana linaloanzia sakafuni na kwenda juu, likiishia mbele kwenye viganja vyake, nyuma kwenye makalio, na pembeni kwenye kingo za mikono na miguu. Mlinzi anahesabiwa kuwa amejiweka kihalali ikiwa amemwelekea mpinzani wake na nyayo zake mbili zimegusa sakafu. Akikabiliana na mwenye mpira, suala la umbali na muda halipo, kwa maana kwamba mwenye mpira anatakiwa kutarajia kukabwa wakati wowote. Akikabiliana na asiye na mpira, ni lazima ampe nafasi ya kusimama au kubadili njia, nayo ni hatua moja hadi mbili za kawaida. Ikiwa mshambuliaji amekwisha kuruka, mlinzi haruhusiwi tena kuingia katika njia yake. Na ikiwa mlinzi amesimama ndani ya nusu duara iliyochorwa chini ya pete, yenye nusu kipenyo cha mita 1.25, kwa kawaida hawezi kuzawadiwa faulo ya kugongwa na mshambuliaji aliye hewani.

Ukisoma hayo taratibu, hakuna kigumu. Ugumu ni kwamba majibu yote yamo katika miguu na kiwiliwili cha mlinzi kabla ya mgongano, wakati jicho la mgeni liko kwenye mpira na kwenye mshambuliaji, ambaye ndiye mwenye mbwembwe. Mwamuzi mzoefu humtafuta mlinzi mapema, mara tu mshambuliaji anapoinamisha bega, na hivyo kishindo kinapotokea yeye tayari anajua kama mlinzi alikuwa amefika au alikuwa bado anateleza kuelekea pembeni. Mwamuzi mpya huanza kutazama kishindo kinapolia. Anachobaki nacho ni watu wawili sakafuni na kelele, naye huamua kwa kukisia, mara nyingi akimpa haki yule aliyeanguka kwa nguvu zaidi, na wachezaji wajanja huligundua hilo kabla robo ya kwanza haijaisha. Isitoshe, kile kinusu duara chenyewe, katika viwanja vingi vya shule ambavyo mistari yake ilipakwa rangi zamani na kusuguliwa na viatu na mvua, hakionekani au hakikuwahi kuchorwa, kwa hiyo mwamuzi analazimika kukibeba kichwani.

Jambo la pili linalomsumbua mgeni ni hatua. Kutembea na mpira, yaani kusogeza miguu kupita kiasi kinachoruhusiwa bila kudunda, ni kosa ambalo kila mtazamaji anaamini analijua. Mwaka 2017 FIBA ilibadilisha maelezo ya kanuni hiyo kwa namna ambayo mchezaji anayeudaka mpira akiwa katika mwendo hahesabiwi ule mguu uliokuwa sakafuni alipoumiliki, na hatua mbili zinaanzia baada ya hapo. Kwa macho ya aliyecheza miaka ya nyuma hilo ni hatua tatu na ni wizi wa mchana. Kwa upande mwingine wapo vijana wanaocheza kwa kuiga vipande vya video za ligi ya Marekani, NBA, ambavyo simu zimevifikisha hadi Inyonga na Karema, na ambao hudai uwanjani haki za ligi ambayo haichezwi hapa. Katika NBA robo ina dakika 12 na mchezaji hutolewa kwa faulo ya sita, ilhali kwa FIBA robo ina dakika 10 na faulo ya tano ndiyo ya mwisho. Katika NBA mlinzi anayekaa eneo la chini ya goli bila kukaba mtu huadhibiwa baada ya sekunde tatu, na kwa FIBA adhabu ya sekunde tatu ni ya mshambuliaji peke yake. Mchezaji wa NBA anaweza kuomba muda wa mapumziko akiwa uwanjani, na kwa FIBA ombi hilo hupelekwa mezani na kocha au msaidizi wake wa kwanza. Mwamuzi mpya aliyejifunza kikapu kwa kutazama NBA, nao si wachache, anajikuta akipambana na kumbukumbu zake mwenyewe kabla ya kupambana na wachezaji.

Baada ya kuona na kupuliza, kuna kazi ya kusema kwa mikono. Kwa faulo, mwamuzi huinua ngumi iliyokunjwa. Kwa kosa lisilohusu kugusana, kama vile kutembea na mpira au kutoka nje ya mstari, huinua kiganja kilicho wazi. Faulo ikishatokea husogea mahali ambapo meza inamwona, akaonyesha namba ya aliyekosa, aina ya kosa, na mwisho ama idadi ya mitupo huru au upande ambao mpira unaelekea. Namba ndizo huwapa wageni jasho. Kwa mchezaji namba 23, mwamuzi hugeuza mgongo wa mkono kuelekea mezani na kuonyesha vidole viwili vya makumi, kisha hugeuza kiganja na kuonyesha vidole vitatu vya mamoja, kwa utulivu, bila kuutikisa mkono. Anayeharakisha huonyesha 32, na faulo huandikwa kwa mtu asiyehusika, na mzozo wake huibuka robo ya nne pale mchezaji asiyestahili anapoambiwa kwamba faulo zake zimefika tano.

Meza hiyo, kwa mujibu wa kanuni, ina mwandishi, msaidizi wake, mtunza muda na mwendesha saa ya sekunde 24, ambao ni muda ambao timu inapewa kujaribu kufunga baada ya kumiliki mpira. Kwa FIBA muda huo ulikuwa sekunde 30 tangu mwaka 1956 na ukapunguzwa kuwa 24 mwaka 2000. Mechi za mkoani zinaweza kuwa na mwandishi mmoja aliye makini na simu moja inayotumika kama saa, na saa ya sekunde 24 isiwepo kabisa. Hapo kitabu kinakuwa kimenyamaza na mwamuzi ndiye anayetakiwa kusema. Kilicho salama ni kuwakutanisha makocha wawili kabla ya mchezo na kuafikiana nani atahesabu, atatangaza kwa sauti zikibaki sekunde ngapi, na kwamba hesabu hiyo haitabishaniwa; asiyefanya hivyo mapema atalazimika kufanya hivyo dakika ya mwisho, timu zikiwa zimepishana pointi moja, na kila neno atakalotamka wakati huo litaonekana ni upendeleo.

Kwamba meza inaweza kuwazamisha hata wakubwa lilithibitishwa mjini Munich usiku wa fainali ya Olimpiki ya mwaka 1972 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Marekani ilikuwa mbele kwa 50 dhidi ya 49 zikiwa zimebaki sekunde tatu, na kukatokea mkanganyiko kama kocha wa Wasovyeti alikuwa ameomba mapumziko au la. Mchezo ulianzishwa, ukasimamishwa, ukaanzishwa tena saa ikiwa haijarekebishwa, na katibu mkuu wa FIBA, William Jones, akateremka kutoka jukwaani na kuagiza sekunde tatu zirudishwe, ingawa hakuwa na mamlaka ya uamuzi uwanjani. Katika jaribio la tatu Aleksandr Belov alifunga, matokeo yakawa 51 kwa 50, na Wamarekani hawakwenda kuchukua medali zao za fedha hadi leo. Mwamuzi wa Brazil, Renato Righetto, alikataa kutia saini karatasi ya matokeo kwa kupinga jinsi mchezo ulivyomalizwa. Kisa hicho hufaa kusomeshwa kwa waamuzi wapya kwa sababu ya kawaida kabisa: chanzo chake ni kwamba mpira uliingizwa uwanjani kabla waamuzi na meza hawajaafikiana kuhusu saa. Ile ishara ndogo ya kidole gumba kwa meza kabla ya kumpa mchezaji mpira, ambayo mgeni huiona kama urembo, ina maana kubwa kuliko anavyodhani.

Yote hayo yanaweza kumpata mwamuzi mpya popote. Lililo la Mpanda zaidi ni kujulikana. Katika mji wenye waamuzi wachache na timu chache, mwamuzi si mgeni kwa mtu yeyote aliye uwanjani: ni mwalimu wa nusu ya wachezaji, jirani wa kocha, pengine mchezaji mwenza wa juzi. Wachezaji humwita "mwalimu" au "ticha" hata akiwa amevaa fulana ya kijivu na suruali nyeusi ya uamuzi, na wale wa mitaani humwita "kaka" kwa sauti ya kubembeleza, na heshima hiyo, ambayo mahali pengine ingekuwa faraja, hapa inakuja na dai lililofichika kwamba kaka hawezi kumtoa mdogo wake kwa faulo ya tano. Mashabiki nao wana utani wao, kwani Katavi ni mkoa walikokutana Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wafipa, Wasukuma, Waha na wengine wengi, na sehemu kubwa ya kelele zinazomlenga mwamuzi ni masihara ya watani ambayo mwenyeji huyacheka. Mwamuzi mpya anatakiwa kuutofautisha utani na tusi, na hapo hakuna ishara ya mkono iliyochapwa kitabuni ya kumsaidia.

Mgumu zaidi ni kocha mzee. Mwamuzi mwenye miaka 22 anapomwadhibu mtu aliyemfundisha kushika mpira, kwa faulo ya kiufundi, ambayo ni adhabu ya utovu wa nidhamu usiohusu kugusana na huzaa mtupo huru mmoja kwa wapinzani, anavunja adabu ya umri mbele ya hadhara, na wapo wanaoona afadhali kumeza maneno kuliko kufanya hivyo. Wengi humeza mno, halafu robo ya tatu wanalipuka na kutoa faulo mbili mfululizo kwa jambo ambalo robo ya kwanza waliliacha. Wazoefu hufanya tofauti: humwendea kocha mapema, mpira ukiwa umesimama, na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nimekusikia; hilo limetosha," na anayeendelea baada ya hapo anakuwa amejihukumu mwenyewe machoni pa watu wake. Njia hii ya kutanguliza onyo la heshima inafaa zaidi hapa kuliko mfano wa waamuzi wa kwenye televisheni wanaotoa adhabu kwa uso mkavu, kwa kuwa mwamuzi wa televisheni hatakutana na kocha yule sokoni Jumatatu.

Matusi hufukuza watu kila mahali. Nchini Marekani, shirikisho la michezo ya shule za sekondari lilieleza kwamba waamuzi wapatao 50,000 wa michezo mbalimbali waliacha kazi katika miaka michache iliyoanzia msimu wa 2018/19, na tabia ya wazazi na makocha ikatajwa miongoni mwa sababu kuu. Nchi yenye maelfu ya waamuzi inaweza kuvumilia hasara ya namna hiyo kwa muda. Mji ambao mwamuzi mmoja akiacha, mechi ya Jumamosi inakosa wa kuichezesha, hauwezi, na hilo linapaswa kuwa wazi kwa viongozi wa timu wanaodhani kwamba kumtukana mwamuzi ni sehemu ya mbinu.

Mazingira yana yake pia. Kiangazi upepo husukuma vumbi jekundu juu ya zege, sakafu inateleza, na mwamuzi anayepuuza kuwaambia wenyeji wafagie kabla ya mchezo atahesabu makosa ya miguu ambayo hayakuwa makosa. Masika mechi hukatwa katikati. Hata kipyenga huchaguliwa: kile chenye gololi ndani kinaweza kukwama kwa vumbi au mate, jambo lililompata mwamuzi wa Kanada, Ron Foxcroft, alipokuwa akichezesha nchini Brazil mwaka 1984 na sauti ikakataa kutoka, naye akaenda kubuni kipyenga kisicho na gololi, Fox 40, kilichoanza kutumika mwaka 1987 na ambacho sasa ndicho kinachosikika katika viwanja vingi duniani. Posho za mechi za ngazi hiyo aghalabu hazizidi nauli na maji ya kunywa. Na anayetaka kupanda daraja ni lazima asafiri kufuata mashindano makubwa, iwe kwa barabara ya Tabora kupitia Koga au kwa reli ya tawi la Kaliua, kilomita 210, ambayo wakoloni waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda na leo imebaki ya abiria na mizigo.

Kama tatizo la msingi ni uchache wa mechi, basi dawa yake iko katika mechi, na pengine si lazima zianzie kwenye viwanja kamili. Kikapu cha watatu kwa watatu, kilichoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, huchezwa kwenye nusu uwanja wenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 11, kwa goli moja, kwa dakika 10 au hadi timu moja ifikishe pointi 21, na kila shambulizi lina sekunde 12 tu. Shule yenye nguzo moja iliyobaki wima inaweza kuandaa mechi nyingi kwa alasiri moja, na mwamuzi akakutana na migongano ya chini ya goli mara nyingi zaidi kuliko angekutana nayo katika mechi mbili kamili. Zaidi ya hapo, mechi hizo zikichezwa bila makocha kuelekeza kutoka uwanjani, mgeni anapata nafasi ya kuzoea miili na miguu kabla ya kuzoeshwa maneno ya wazee.

Kuna sehemu ya kazi ambayo njia hiyo haiigusi. Pasipo goli la pili hakuna kurudi mbio, na pasipo kurudi mbio mwamuzi hajifunzi jambo linalowaangusha wengi wanapopelekwa kwenye mashindano ya mkoa: mpira unaporwa katikati, mwamuzi wa nyuma ghafla anakuwa wa mbele, anatakiwa awahi mstari wa mwisho kabla ya mshambuliaji aliye mbio kuliko yeye, afike akiwa amesimama na si akiwa bado anakimbia, na macho yake yawe tayari yamemtafuta mlinzi. Hilo linadai mita 28 zote, nguzo zote mbili, na timu zinazorudi kucheza wiki inayofuata.